Mkimbia Picha

Tarehe 4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Najua utasema Kitinda akianza kwa heshima nyingi ana shida, na hujakosea. Nina shida, ila safari hii ni shida nzuri.

Baba anatimiza miaka sabini mwezi wa sita. Nimewaza nimtengenezee albamu. Sisemi hizi za dukani zenye maua kwenye jalada, nasema albamu ya maana, yenye picha zote za nyumbani tulizokuwa tunampelekea alipokuwa safarini na lori. Za kwake amezishika mpaka zimefifia, nyingine zina alama za vidole vya grisi. Nataka nizisafishe upya, kubwa, ajione mtu. Hapa chuoni ninapofundisha kuchora kuna chumba cha giza cha kusafishia picha ambacho hakuna anayekitumia siku hizi, na kuna mwenzangu anayejua dawa zake.

Kwa hiyo naomba lile kopo la biskuti lenye filamu. Najua Mama alikupa wewe, na najua hujawahi kulitoa nje ya nyumba yako hata mara moja. Nitalishika kama yai.

Tafadhali usimwambie Baba. Unajua alivyo, akishajua kuna zawadi anaanza kuuliza inafikaje na dereva ni nani.

Mdogo wako mtiifu (leo),
Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mtiifu wewe! Haya, tumesikia.

Nililishusha kopo kutoka juu ya kabati, nikakaa nalo jikoni mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nanyanyua filamu dirishani, kipande kimoja kimoja. Hospitalini hiyo ndiyo kazi yangu ya kutwa, kunyanyua mifupa ya watu kwenye mwanga, lakini wagonjwa wangu wa eksirei hawatabasamu hata uwaambie nini. Angalau nikiwaambia "usipumue" wananisikiliza. Wewe hukunisikiliza hata siku moja.

Sijui unakumbuka nini, ulikuwa mdogo. Baba alirudi safari moja akakuta umeshaanza kutembea. Alicheka, akakurusha juu, lakini Mama alimwona alivyoumia. Akanunua kamera. Akasema kuanzia leo kila atakachokikosa huyu baba kitapigwa picha. Na hakutaka mambo makubwa, maana hayo mtu husimuliwa. Alitaka jino lako lililong'oka. Alitaka dari linavuja na masufuria yote ya nyumba yamepangwa sakafuni. Alitaka Mama Pacha wa jirani akiwaogesha wanawe kwenye beseni moja, mmoja analia na mwingine anakunywa maji ya sabuni.

Tatizo Mama hakuweza kufumba jicho moja. Akifumba la kushoto, la kulia linafuata. Filamu ya kwanza nzima ilitoka dari na kidole gumba. Ndipo akanivika kamera shingoni, nami hata darasa la tatu nilikuwa sijamaliza, akasema, "Haya, wewe macho yako kila moja lina akili yake." Yeye akawa anasimama nyuma yangu, anakunja uso, anapunga mikono, analia kama mbuzi, ili mcheke. Ndiyo maana kwenye picha zote mnatazama juu kidogo. Mnamtazama Mama. Miaka yote ile hakuna hata mmoja wenu aliyenitazama mimi, ila sikujali, maana mimi niliwatazama nyote hadi nikashiba.

Na Baba akirudi tu, kamera inatundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. "Mwenyewe kaja, picha ya nini?" Mpaka leo mzee ananiita Mkimbia Picha kwa sababu simo hata kwenye moja. Utani wake uko kama lori lake mlimani, taratibu lakini haurudi nyuma.

Sasa sikiliza vizuri. Ile picha ya siku uliyoendesha baiskeli bila kushikwa, usiikate chini. Jua lilikuwa mgongoni kwetu, na kwenye mchanga mbele ya gurudumu kuna kivuli changu, viwiko nje kama kuku anayetaka kuruka, na nyuma yangu kivuli cha Mama amenyanyua mikono yote miwili. Hiyo ndiyo picha pekee niliyomo. Na ndiyo pekee niliyo nayo pamoja na Mama.

Kopo nimelifunga kwa kitambaa ndani ya boksi. Lirudi kama lilivyo.

Dada yako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Kopo limefika salama, halina hata mkwaruzo. Nimeshaanza. Jana nilimwona Mama Pacha akijitokeza kidogo kidogo kwenye dawa, nikapiga kelele peke yangu gizani.

Zinapendeza kuliko nilivyodhani. Watu hapa wanapita kuchungulia. Nitakuandikia zaidi nikipata nafasi, kazi ni nyingi.

Baba bado hajui, sivyo? Endelea hivyohivyo.

Kitinda


Tarehe 20 Juni

Mwanangu, Mkimbia Picha wangu,

Natumaini kazi na afya ni salama. Mimi mzima, goti tu ndilo linadai mapumziko kama gari kuukuu.

Nimefikisha sabini, mama, na zawadi niliyopata sitapata nyingine kama hiyo. Nina hakika kijitabu cha maonyesho na wewe umeshapata, lakini niache nikueleze hivyohivyo, maana sina mwingine wa kumweleza na ukuta umenichoka.

Kitinda ametundika picha za mama yako kwenye ukumbi wa maonyesho huko mjini kwake. Ukutani, ndani ya fremu, na taa inamulika kila moja! Watu wanavaa nguo nzuri wanakuja kumtazama fundi baiskeli wa pale pembeni aliyelala na spoku mkononi. Maonyesho yenyewe yanaitwa Jicho la Mama. Nimekisoma kijitabu kwa miwani na kwa kioo cha kukuzia. Wanasema alikuwa mama wa nyumbani ambaye hakufundishwa na mtu, aliyepiga picha za siku za kawaida ili mume wake dereva asikose kitu. Wanasema watu wake wote wanatazama juu kidogo ya kamera, kana kwamba wanaona jambo ambalo sisi hatulioni. Nimepasoma hapo mara nyingi.

Hata wewe umo, usidhani umesahaulika. Wameandika, "Binti yake mkubwa aliogopa kamera, hayumo kwenye picha hata moja." Nilicheka mpaka nikakohoa. Utani wangu umefika mjini kabla yangu!

Mwanangu, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Zile picha nilizibandika juu ya usukani. Nikiegesha gari porini, utingo kalala, nilikuwa nawasha taa ndogo nazitazama. Nyuma ya kila moja mama yako aliandika, "Nimekupigia mwenyewe, usiseme umekosa." Sikuwa nawaangalia ninyi peke yenu. Nilikuwa najiambia, basi hivi ndivyo mke wangu anavyoona. Mwanamke aliyeshindwa hata kunikonyeza siku za uchumba, lakini mpe kamera! Kwa picha zile nilimpenda upya kila safari. Sasa nchi nzima inamjua.

Mwezi wa nane Kitinda atanipeleka nikaone. Wameomba niseme maneno mawili. Njoo twende wote, unishike mkono kwenye ngazi.

Baba yako


Tarehe 27 Juni

Kitinda,

Kijitabu changu sijakipata. Labda posta.

Baba ndiye aliyeniambia, kwa furaha, kwa mwandiko wake ule wa kulala, na akaniomba nimshike mkono kwenye ngazi nikaone picha zangu zimeandikwa jina la mtu mwingine. Niliisoma barua kazini. Kulikuwa na mgonjwa kitandani anasubiri nimwambie apumue, nikasahau. Maskini ya Mungu alikaa amebana pumzi mpaka akanigonga mkono.

Albamu iko wapi? Usijibu. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikakaa nikapakwa, nikakufungia kopo kwa kitambaa changu kizuri.

Ningekuwa nimeibiwa na mtu wa nje ningejua pa kwenda. Ningepiga kelele mwizi, watu wangetoka. Sasa nipige kelele gani? Mwizi ni mdogo wangu, na alichoiba amempa Mama yangu, na Mama hayupo. Nikisema ni changu, mimi ndiye nitakayeonekana nimevunja kaburi. Hongera, umepanga vizuri.

Nimemwomba mwenzangu aliyekwenda huko kwa mafunzo aingie aangalie. Amerudi jana. Anasema picha ya baiskeli ipo mlangoni kabisa, kubwa kuliko zote, na inaishia kwenye gurudumu. Chini ya gurudumu hakuna kitu. Nilikuomba jambo moja, Kitinda. Moja.

Halafu ukaandika kwamba niliogopa kamera. Hilo halikuandikwa na mwenye ukumbi, maana mwenye ukumbi hanijui mimi wala utani wa Baba. Hilo ni lako. Miaka saba nilizunguka na kile chuma shingoni, kamba ikanichubua, nikakosa kucheza na wenzangu kwa sababu Mama amesema "njoo upige hii kabla haijapoa." Leo niliogopa!

Kuna watu husema asiyekuwepo na lake halipo. Nilikuwepo. Nilikuwepo kuliko ninyi nyote.

Dada yako, kama bado unalitaka neno hilo


Tarehe 9 Julai

Dada,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika. Nimeanza barua hii nikachana, nikaanza tena.

Haikuwa nia yangu. Albamu ilikuwa kweli. Mwenye ukumbi alipita chumba cha giza akaona picha zimening'inia zinakauka, akauliza za nani. Nikasema za Mama. Nilisema kama mtu anavyosema sufuria la Mama, kitanda cha Mama. Yeye akasikia vingine, akasisimka, akaanza kupiga simu, na mimi nilikuwa naona picha zetu zinapendwa na watu nisiowajua. Nikanyamaza siku moja. Siku ya pili kunyamaza kukawa rahisi zaidi. Alipouliza mbona binti haonekani, neno la Baba lilikuwa karibu mdomoni, nikalitoa.

Picha ya baiskeli niliikata. Nilijua ninachokata. Sitakudanganya kwa hilo.

Lakini Dada, na wewe nisikilize. Nakumbuka siku zile. Nikifumba macho namwona Mama amekunja pua. Wewe sikuoni. Yeye ndiye aliyesema leo tupige nini, ndiye aliyesema "sasa!", ndiye aliyetuchekesha. Wewe ulikuwa unabonyeza. Hata ungekuwa mguu wa kamera tungetoka vilevile. Na hukuwahi kudai, miaka yote hii, hata mara moja. Ningejuaje kuwa ni kitu kikubwa hivi kwako?

Kuhusu Baba, mimi nilidhani unajua. Nyuma ya picha zake Mama aliandika kwa mkono wake kwamba amezipiga mwenyewe. Uongo huu, kama ni uongo, sikuuanza mimi.

Niko tayari kurekebisha. Nitatundika ile ya baiskeli yote, na kivuli, na kuandika jina lako. Baba anakuja wiki ya pili ya Agosti. Wewe sema neno tu.

Kitinda


Tarehe 18 Julai

Kitinda,

Mguu wa kamera. Nimelitembeza neno hilo nyumbani wiki nzima. Nimekwenda nalo kazini, nimerudi nalo.

Hebu nikuulize. Fundi baiskeli aliyelala, ambaye Baba anamsifu, ambaye mmemwekea taa, nani alimchekesha? Macho yake yamefumba. Mama alikuwa nyumbani anapiga pasi. Nilitumwa mkate, nikapita na kamera, nikamwona ameshika ile spoku kama mtoto anavyoshika kijiko akisinzia. Nilipiga magoti kwenye vumbi. Nikasubiri nzi aondoke puani pake. Mkate ulichelewa, nikagombezwa. Mama aliiona picha ile kwa mara ya kwanza iliposafishwa, siku ileile na wewe. Kaulize mguu wa kamera kama unaweza kusubiri nzi.

Sikudai kwa sababu mtu hadai kilicho chake. Nilidhani kila mtu anajua. Nilidhani hata Baba anajua! Akiniita Mkimbia Picha nilikuwa nacheka, nikidhani anamaanisha yule aliye nyuma siku zote, na kwamba ni njia yake ya kusema asante. Kumbe mzee alikuwa anaamini. Miaka yote hiyo amekuwa na binti mwoga.

Na Mama, Mama naye! Nimemkasirikia jana mpaka nikazima redio. Kisha nikaona aibu, maana utamkasirikiaje mtu asiyeweza kukujibu? Labda alitaka mume wake ajue anawaziwa na yeye. Labda ilianza kama utani, ikaota mizizi. Alinipa kopo siku zake za mwisho, akasema, "Hili ni lako, usimpe mtu." Nilidhani amenipa picha. Sasa sijui kama alikuwa ananipa au ananificha.

Jibu langu ni hapana. Usiguse kitu. Ulipotakiwa kusema hukusema, na ukisema sasa utamnyang'anya Baba mke wake mara ya pili, tena mbele ya watu, akiwa amesimama kwa goti moja. Acha aende, asifu, asifiwe, arudi. Mimi nitanyamaza. Usifikiri nimekusamehe, kusamehe ni kitu kingine na sasa hivi sina. Umeniweka mahali ambapo mimi nikionekana, Mama anapotea. Hiyo ndiyo kazi yako ya sanaa, na hiyo iandike jina lako.

Siji mwezi wa nane. Mwambie Baba nina zamu.

Kopo lirudi.

Dada


Tarehe 12 Agosti

Mkimbia Picha wangu,

Ulikosa, mwanangu! Zamu gani hizo za hospitali zisizoweza kukuacha siku mbili?

Nimekwenda, nimeona, nimerudi. Ngazi zilikuwa nyingi lakini Kitinda alinishika vizuri. Nilivaa koti la harusi yangu. Vifungo vilinigomea, nikaliacha wazi. Niliposema maneno yangu mawili yakawa mengi. Niliwaambia mke wangu hakuwa na shahada, alikuwa na subira, na kwamba mtu akitaka kujua anapendwa namna gani aangalie anatazamwa namna gani. Mama mmoja mstaarabu alijifuta machozi. Mimi pia, sifichi.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kitako. Mlangoni kabisa kuna ile picha ya Kitinda na baiskeli. Ya kwangu ya kwenye lori ni fupi, mama yako aliikata chini kwa mkasi, nami siku zote nilijua alitaka iingie kwenye kibao cha kukinga jua. Kumbe picha yenyewe ni ndefu! Kitinda anasema ameibadilisha wiki hiyohiyo, akaweka nzima. Chini kwenye mchanga kuna vivuli viwili. Kimoja mara moja nilijua ni cha mama yako, mabega yake nitayakosaje? Amenyanyua mikono yote miwili juu. Na mbele yake kivuli cha mtoto.

Nilisimama hapo mpaka mlinzi akaniletea kiti. Nikamwuliza Kitinda, huyu si dada yako? Akasema, "Ndiye, Baba." Alikuwa ananitazama mimi badala ya picha, sijui kwa nini. Nikacheka, nikamwambia, mtazame alivyofunika uso kwa mikono miwili, viwiko nje! Anaikimbia kamera hata hapo! Na mama yake kanyanyua mikono nyuma amzuie asitoroke. Kumbe umekimbia miaka yote lakini kivuli chako kilikamatwa. Kitinda akaenda kuniletea maji ya kunywa. Ana huruma sana mtoto huyu, aliona nimeguswa. Chini yake wameandika vilevile kama nyingine, kwamba imepigwa na mama yenu.

Nimemwomba anisafishie moja kama hiyo nibandike karibu na kitanda. Aliniletea kesho yake, iko hapa ninapoandika. Nawaona wote wawili.

Mwanangu, nina ombi na usinikatalie. Nina picha za watu wote niliowapenda isipokuwa yako. Mtu wa miaka sabini hana muda wa kubembeleza. Ukija, niruhusu nikupige picha moja tu, uso wako, unanitazama. Ulikuwa unaogopa nini, mama? Hakuna aliyekuwa anakucheka.

Usikimbie safari hii.

Baba yako


Tarehe 19 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nimeipata barua yako. Nilikusudia kukujibu kwamba goti lako lipumzike na koti lako nitalipanua vifungo, niishie hapo. Nilimwambia Kitinda nitanyamaza, na kwa wiki kadhaa niliweza.

Lakini umeniuliza nilikuwa naogopa nini, na wewe sijawahi kukudanganya. Wengine wamekudanganya kwa ajili yangu.

Chukua ile picha iliyo karibu na kitanda chako. Vaa miwani, na kama kile kioo cha kukuzia kiko karibu, kichukue pia. Tazama kivuli cha Mama. Tazama mikono yake yote miwili, iko juu, vidole vimetawanyika. Ni mitupu, Baba. Sasa jiulize kamera ilikuwa wapi.

Halafu rudi kwa mtoto. Tazama viwiko vyake tena, polepole, kama ulivyokuwa unatufundisha kutazama kwenye kioo cha pembeni kabla ya kutoa gari.

Na ukishaona, zichukue nyingine. Mtazame Kitinda asiye na jino, na Mama Pacha, na watoto kwenye beseni. Wote wanatazama juu, kwa Mama, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mtu mfupi. Mama alikupenda, hilo usilitilie shaka. Alichagua cha kukuletea, alituchekesha, alikuandikia kwa mkono wake. Kukonyeza tu ndiko kulimshinda, unajua mwenyewe. Kwa nini hakukuambia sijui, na hayupo wa kuulizwa. Usimkasirikie. Kazi hiyo niachie mimi, nimeshaianza. Na Kitinda usimpigie simu leo. Mwache akae kidogo na yeye asubiri barua.

Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Utanipiga picha, nitakaa popote utakaponiweka, na nitakutazama. Ila na wewe nitakupiga moja, maana katika zote zile wewe humo. Na nikikupiga naomba kitu kimoja, usitazame juu. Nyuma yangu hakutakuwa na mtu.

Uso sikuuficha, Baba. Nilikuwa natazama, ili na wewe uone.

Binti yako